Barua Kumi za Doto, Barua Sita za Kulwa

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za kazi. Nanyi wanangu wa kidato cha tano na cha sita, hamjambo?

Salamu hizi nimezipanga hivi kwa makusudi, maana nitazirudia kabla sijakaa. Shikamoo inatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Ili tujue nani mdogo na nani mkubwa tunaegemea jambo moja ambalo hatulihoji kamwe: kwamba miaka inawapitia watu wote kwa mwendo mmoja. Leo nimekuja kuwaeleza kwamba sivyo, na kwamba jambo hili limepimwa mara nyingi hadi halina ubishi tena.

Tazameni saa yangu hii. Mshale mfupi umesimama kwenye nne, na sote humu ndani tunasema ni saa kumi. Mgeni akitusikia anapotea. Lakini hiyo ni tofauti ya majina tu. Saa yetu na saa ya mgeni zimepishana kwa saa sita leo, zitapishana kwa sita kesho, na mwakani ni sita zile zile. Ninalolisema mimi ni jambo jingine. Chukua saa mbili nzima za fundi mmoja, zilinganishe, zitenganishe, kisha zikutanishe tena. Zinaweza kukutana zikiwa zimehesabu muda tofauti, na hakuna hata moja iliyoharibika.

Aliyetufungua macho ni Albert Einstein, mwaka 1905, akiwa mtumishi wa ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi. Alishika jambo moja akalifuata hadi mwisho wake: mwanga unakwenda kilomita 299,792 kwa sekunde, na kila anayeupima anapata kasi hiyo hiyo, awe amesimama au anakimbia.

Mnaikumbuka treni ya SGR ya kwenda Dodoma. Mtoto amekaa kwenye kiti chake, anarusha mpira juu na kuudaka. Kwake yeye mpira unapanda na kushuka wima. Mama aliyesimama kando ya reli anauona ukienda mshazari, kwa sababu treni inasonga. Machoni pa mama mpira umekwenda njia ndefu zaidi, lakini hakuna taabu yoyote, kwani umeazima kasi ya treni. Sasa ondoa mpira, weka mwale wa mwanga unaodunda kati ya kioo cha sakafuni na kioo cha darini. Njia ya mshazari ni ndefu vile vile, lakini mwanga hauazimi kasi ya mtu. Njia imerefuka, kasi imebaki ile ile. Basi kwa mama aliye nje, kila mdundo unachukua muda mrefu zaidi. Saa ya ndani ya treni inakwenda polepole kuliko yake. Na si saa ya vioo peke yake. Mapigo ya moyo wa mtoto, chungwa linaloiva kwenye mfuko wake, kila kinachotokea ndani ya behewa kinafuata mwendo huo huo.

Kwa treni tofauti ni ndogo mno, hakuna chombo cha dukani cha kuipima. Kwa hiyo naomba kila mtu anyooshe mkono, akunjue kiganja, akielekeze juu.

Sasa hivi, karibu kila sekunde, chembe moja inapenya kiganja chako. Inaitwa myuoni. Imezaliwa huko juu, kama kilomita 15 kutoka ardhini, pale miale kutoka anga za mbali ilipogonga hewa. Umri wa wastani wa myuoni ni sehemu mbili nukta mbili za milioni za sekunde, yaani sekunde moja uigawe vipande milioni, uchukue viwili na kidogo. Kwa umri huo, hata ikikimbia karibu na kasi ya mwanga, ingekwenda mita 660 hivi kisha ingekufa. Ingekufa juu huko, mbali na mkono wako. Lakini imefika.

Mwaka 1963 wanafizikia wawili wa Marekani, David Frisch na James Smith, walipanda na vifaa vyao hadi kilele cha Mount Washington, kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, wakahesabu myuoni zinazopita kwa kasi fulani. Walipata kama 560 kwa saa. Kisha wakashusha vifaa hadi usawa wa bahari. Kama muda wa myuoni ungekwenda sawa na wetu, walitarajia wahesabu kama 30 tu. Wakahesabu zaidi ya 400. Kwa saa ya myuoni yenyewe, safari ya kushuka mlima ilikuwa fupi sana, ndiyo maana nyingi zilifika zikiwa hai. Mnaweza kushusha mikono.

Vipimo vingine nitavipitia haraka. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walipanda ndege za kawaida za abiria wakiwa na saa za atomu nne, wakaizunguka dunia kuelekea mashariki, kisha magharibi. Saa zilirudi zikiwa zimepishana na zile zilizobaki nyumbani, kwa makumi na mamia ya sehemu za bilioni za sekunde, karibu na hesabu ilivyotabiri. Na kijana wa bodaboda anayefuata ramani ya simu anatumia elimu hii kila siku. Saa za setilaiti za GPS zinachelewa kidogo kwa sababu ya mwendo, zinawahi zaidi kwa sababu huko juu uvutano wa dunia ni hafifu, na jumla yake zinawahi kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kwa siku. Zisingerekebishwa, kosa la mahali lingekua kwa kilomita kama kumi kila siku. Mrusi Oleg Kononenko, ambaye hadi Septemba 2024 alikuwa ameishi angani siku 1,111 kwa jumla ya safari zake, ni mdogo kuliko ambavyo angekuwa angebaki nyumbani, kwa karibu sehemu tatu za mia za sekunde. Ni chini hata ya kupepesa jicho. Lakini ni kweli.

Sasa tuongeze mwendo.

Mwaka 1911 Mfaransa Paul Langevin alieleza habari ya msafiri anayekaa chomboni miaka miwili, akirudi anakuta duniani imepita miaka 200. Tangu hapo wanafizikia wa Ulaya wanaieleza habari hii kwa mapacha. Sisi tuna mapacha wetu wenye majina yao tayari, Kulwa na Doto, na tena majina yenyewe yanasema nani ametangulia. Kulwa ndiye wa kwanza kutoka, Doto akamfuata.

Tuseme ni mabinti, wana miaka 20. Kulwa anapanda chombo kinachokwenda kwa asilimia 80 ya kasi ya mwanga, kuelekea nyota iliyo umbali wa miakanuru 4, yaani umbali ambao mwanga unaukwenda kwa miaka minne. Rijili Kantori iko mbele kidogo tu ya hapo. Mwezi wa Mei, usiku, tazameni kusini karibu na Msalaba wa Kusini mtaiona inavyong'aa. Doto anabaki Tanga. Kwa kalenda ya Doto, kwenda ni miaka 5, kurudi miaka 5. Kwa kalenda ya Kulwa, kwenda ni miaka 3, kurudi miaka 3. Kulwa atashuka ana miaka 26, Doto atampokea akiwa na 30.

Watu wengi huishia hapo, wakashangaa, wakaenda zao. Mimi naomba tukae nao hawa mabinti kidogo, maana wameahidiana kuandikiana barua moja kila mwaka, kila mmoja kwa kalenda yake, na barua zinakwenda kwa redio, yaani kwa kasi ya mwanga.

Marehemu baba yangu alikuwa baharia. Barua zake mama alizihifadhi kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati, na mimi ndiye niliyekuwa nikizisoma kwa sauti. Nilijifunza fizikia kwenye kopo lile kabla sijaijua kwa jina. Baba alipokuwa akienda mbali, bandari hadi bandari, barua zilikawia, kila moja ikisafiri njia ndefu kuliko iliyotangulia. Alipokuwa anarudi zilifuatana, mbili kwa wiki, tatu, na moja ilifika yeye mwenyewe ameshaketi barazani anakunywa kahawa. Yeye aliandika kila baada ya wiki mbili bila kukosa. Sisi tulizipata kwa mwendo tofauti kabisa.

Ya Kulwa na Doto ni hivyo hivyo, lakini kwa kasi ile kuchelewa kwa saa nako kunaingia kwenye hesabu. Ukipiga hesabu unapata namba nzuri, tatu. Wakiwa wanaachana, barua ya kila mwaka inafika kila baada ya miaka mitatu. Wakiwa wanakaribiana, inafika kila baada ya miezi minne.

Fuateni. Kulwa anakwenda miaka mitatu. Katika miaka yote hiyo anapata barua moja tu ya Doto, ile ya mwaka wa kwanza, na inamfikia siku ile ile anayofika kwenye nyota. Anageuza chombo. Barua zinaanza kumiminika, moja kila miezi minne, miaka mitatu mizima: barua tisa. Tisa na moja ni kumi. Doto aliandika kumi, kwa kuwa ameishi miaka kumi. Hakuna iliyopotea.

Rudini Tanga. Barua ya kwanza ya Kulwa inafika mwaka wa tatu. Ya pili mwaka wa sita. Ya tatu, aliyoiandika kwenye nyota siku ya kugeuza, inafika mwaka wa tisa. Inasema: nimefika salama, sasa naanza kurudi. Doto anaisoma, na mwaka mmoja tu baada ya hapo Kulwa anapiga hodi. Katika mwaka huo wa mwisho zinafika barua tatu, na ya mwisho inaingia pamoja na mwandishi wake. Tatu na tatu ni sita. Kulwa ameishi miaka sita.

Nimewapa barua hizi kwa sababu kila mwaka mwanafunzi mmoja ananyoosha mkono na kuuliza: Mwalimu, si mwendo ni wa kulinganisha? Kwa nini tusiseme Kulwa ametulia na Doto ndiye aliyekimbia, kisha Doto awe mdogo? Ni swali zuri kuliko majibu mengi. Jibu limo kwenye barua. Kulwa alipogeuza chombo, barua zilibadilika mwendo papo hapo, katikati ya safari yake. Doto hakugeuza kitu. Habari ya kugeuka ilimfikia mwaka wa tisa kati ya kumi. Hawa wawili hawakupitia jambo moja. Mmoja alibadili njia, mwingine alikaa, na barua zinashuhudia.

Na kama mngewapigia simu badala ya barua? Wakati wa kwenda, sauti ya Kulwa ingefika imeburuzika mara tatu, nzito, kama kaseti ambayo betri za redio zinaisha. Wakati wa kurudi ingefika nyembamba na ya haraka mara tatu. Ni sauti ya mtu mmoja mwenye afya njema, na kila alichosema amekisema kwa mwendo wake wa kawaida.

Hapa ndipo penye jambo ambalo nataka mnielewe vizuri. Kulwa hakuongezewa siku hata moja. Huko chomboni hakuona muda umelegea. Amekula milo ya miaka sita, amelala usiku wa miaka sita, nywele zake zimeota kwa miaka sita. Ukimpimia umbali kwa macho yake, njia yenyewe ilifupika: miakanuru 4 za Doto kwa Kulwa ni 2.4 tu, ndiyo maana alifika kwa miaka mitatu bila kuupita mwanga. Magazeti husema msafiri wa kasi hazeeki. Anazeeka kama kawaida. Kilichopungua ni miaka aliyoishi pamoja na watu wake.

Sasa salamu. Kulwa alitangulia kuzaliwa, lakini amerudi mwili wake ni mdogo kwa miaka minne. Na si mapacha tu. Mama anaweza kuondoka akamwacha mwanawe wa miaka mitano, na kwa kasi ya kutosha akarudi amkute mwanawe amemzidi umri. Nani amwamkie nani? Mimi nasema bila kusita kwamba mtoto atamwamkia mama yake, hata kama ana mvi na mama hana, kwa sababu ukubwa kwetu hautoki kwenye mwili peke yake, unatoka kwenye aliyekuleta. Lakini kwa Kulwa na Doto sina uhakika, na nimewauliza wazee watatu wakanipa majibu matatu.

Sheria nayo itapata kazi. Jirani zetu wa Kenya, sheria yao ya ushahidi inasema mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale waliopaswa kusikia habari zake, hudhaniwa amekufa mpaka ithibitishwe vingine. Mpandishe Kulwa hadi asilimia 99 ya kasi ya mwanga. Sasa barua yake ya kila mwaka, wakati wa kwenda, inafika kila baada ya miaka 14. Anaandika kwa uaminifu, na mahakama inamdhania maiti kati ya barua moja na nyingine. Mirathi imegawanywa, na mwenye mali bado anachovya kalamu.

Ibada pia. Mwaka 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipanda kwenye kituo cha anga za juu ndani ya mwezi wa Ramadhani. Kituo kile kinaizunguka dunia mara 16 hivi kwa siku, jua linachomoza na kuzama mara 16. Wanazuoni wa kwao walimwandalia mwongozo, na nyakati za sala wakazifungamanisha na mahali aliporushiwa. Ni ufumbuzi wa busara, kwa kuwa saa ya kituo na saa ya ardhini hazipishani kwa kiasi cha mtu kuhisi. Lakini katika chombo cha Kulwa, nyumbani zinapita Ramadhani 10 na chomboni muda unatosha 6. Mfungaji afuate mwezi wa wapi? Swali hili nawaachia masheikh waliomo humu, ni lao.

Mtaniuliza, basi chombo kiko wapi? Hakipo, na lazima niwaeleze kwa nini, ili msije mkadhani ni uzembe wa mafundi. Chukueni kilo moja ya sukari, ile ya mfuko wa dukani. Kuifikisha asilimia 99 ya kasi ya mwanga kunahitaji nishati ambayo Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, mitambo yote tisa ikizunguka usiku na mchana bila kupumzika, lingeitoa kwa miaka minane na zaidi. Hiyo ni kilo moja. Bado hujampakia Kulwa, chakula chake cha miaka, wala hujaweka akiba ya kusimama. Maana kusimama kunadai nishati ile ile tena.

Halafu kuna uchafu wa njiani. Anga ya katikati ya nyota si tupu, ina atomu chache chache za haidrojeni na vumbi. Kwa kasi ile, kila atomu inakuja usoni kama risasi ya mnururisho. Punje ya mchanga yenye miligramu moja ingegonga kwa nguvu ya kama tani 130 za baruti kali ya TNT. Huhitaji jiwe.

Na dirishani? Nyosha mkono, kunja ngumi. Kwa asilimia 99, nusu nzima ya anga iliyokuwa mbele yako inajikusanya kwenye duara lenye upana wa ngumi moja na nusu. Nyota zote za nusu hiyo zinajibana pale mbele, na mwanga wao wa kawaida umeshageuka miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa jicho. Nyuma na pembeni kunabaki giza. Huwa nafikiria sana picha hii. Mtu anakwenda kuziona nyota, na mwendo wenyewe unamwondolea anga.

Hesabu zinaruhusu hata makubwa zaidi. Chombo kikiongeza kasi taratibu, kwa kadiri ambayo abiria angehisi uzito wake wa kawaida wa duniani, hadi nusu ya njia, kisha kikapunguza vivyo hivyo, kingefika katikati ya galaksi yetu kwa miaka kama 20 ya abiria. Nyumbani ingepita miaka 26,000. Miswada ya tenzi za karne ya 18 tayari inatupa taabu kuisoma, na ni lugha yetu wenyewe. Huyo akituma barua, ataiandika kwa lugha ambayo hakuna atakayekuwa amezaliwa nayo.

Nimalizie kwa baba. Meli yake ilikwenda maili 15 za bahari kwa saa. Safari yake ndefu kuliko zote ilichukua miaka miwili. Nilipofika chuo kikuu na kujifunza kanuni hizi, nilikaa usiku mmoja nikaipigia hesabu safari ile. Tukiacha mzunguko wa dunia, na tukiichukulia meli kwamba haikusimama, baba alirudi akiwa mdogo kwa sehemu 20 za bilioni za sekunde kuliko ambavyo angekuwa angebaki Tanga. Nilimpelekea karatasi ile. Akaikunja, akaitia kwenye kopo la biskuti pamoja na barua.

Alikuwa anakumbuka siku aliyorudi. Mdogo wangu alizaliwa baba akiwa baharini. Siku ile alikuwa anatembea, anasema, na mama alikuwa amemfundisha adabu zote. Alisimama mlangoni, akamtazama yule mtu mwenye begi, akamshika mkono akamwambia: shikamoo mjomba.